Kitabu cha katuni kikigeuzwa sinema



Jioni moja ya Dominika vijana wa parokia yetu walitundika shuka jeupe ukutani katika ukumbi wa mikutano, wakatuonyesha sinema ya Tintin. Watoto walijaa hata madirishani. Walicheka, walipiga makofi, walipaza sauti kila mara kapteni alipoanguka. Sinema ilipokwisha, mzee mmoja aliyeketi nyuma, mwalimu wa zamani aliyekwisha kustaafu, alisimama akauliza neno moja tu: «Na Tournesol yuko wapi?»

Watoto wakacheka tena, maana hawakujua Tournesol ni nani. Lakini mzee hakutaka kuchekesha. Hadithi ile aliisoma akiwa kijana shuleni, katika vitabu vilivyopita mkono kwa mkono mpaka kurasa zikalegea. Usiku ule alikuwa kama mtu aliyealikwa kwenye karamu ya ukoo wake, akakuta ndugu mmoja hayupo wala hakuna anayemtaja.

Tangu siku hiyo swali lake halijaniacha. Sinema ikichukua hadithi katika kitabu cha katuni, ina deni gani kwa kitabu hicho? Wako wasemao kwamba sinema njema ni ile inayofanana na kitabu, picha kwa picha. Wako wengine wasemao kwamba sinema ni kazi nyingine kabisa, haina deni kwa mtu yeyote. Mimi naona kwamba wote wamesimama mlangoni, hawajaingia ndani. Tuingie pamoja, tukitazama kazi tatu: Tintin, Persepolis, na Aya wa Yopougon.

Kazi ya msomaji

Yafaa kwanza tujue kitabu cha katuni ni kitu gani. Wengi hudhani ni sinema ya maskini, picha ambazo zingependa kutembea ila hazina nguvu. Sivyo hata kidogo.

Fungua kitabu chochote cha namna hiyo. Utaona kwamba ukurasa umegawanywa kuwa vyumba vidogo vidogo, na kila chumba kina picha yake. Kati ya chumba na chumba kuna njia nyeupe, nyembamba, isiyo na kitu. Sasa tazama. Katika chumba cha kwanza mtoto amepanda juu ya kiti, ananyosha mkono apate chungu cha asali. Katika chumba cha pili mama amesimama mlangoni, na vigae vimetapakaa chini. Je, ni nani aliyeuona mchungu huo ukianguka? Mchoraji hakuchora. Ni wewe msomaji uliyekiangusha chungu, kichwani mwako, kwa kishindo ulichokipenda mwenyewe. Njia ile nyeupe ndiyo shamba lako. Mchoraji amekuachia ulime.

Tena, katika kitabu wewe ndiwe bwana wa saa. Wataka kukaa juu ya picha moja muda wa dakika tano? Kaa. Wataka kurudi nyuma ukahakikishe uso wa mtu kama alisema kweli? Rudi. Hakuna akusukumaye.

Na kuna jambo la tatu. Ukurasa wote uko mbele ya macho yako kwa mara moja. Katika Persepolis kuna ukurasa mmoja ambao mtu akiuona hausahau. Juu, wavulana wa familia maskini wanarushwa hewani na mabomu yaliyofukiwa ardhini, na shingoni mwao wamevaa ufunguo wa plastiki waliouambiwa kuwa ni wa kufungulia paradiso. Chini yake, katika ukurasa uleule, msichana wa familia yenye nafasi anacheza dansi katika karamu yake ya kwanza, na miili yao yote, ya wavulana na ya wachezaji, imejikunja namna moja. Mwandishi hasemi neno la lawama. Ameziweka picha mbili chini ya jicho moja, basi. Sinema haiwezi kufanya hivyo kwa urahisi, maana picha zake huja moja baada ya nyingine, na ile ya kwanza imekwisha kupita ile ya pili inapofika.

Sinema huonyesha picha 24 kwa nukta moja. Maana yake njia nyeupe zimejazwa zote. Chungu kinaanguka mbele yako, kwa kishindo alichokichagua mwingine, kwa mwendo alioupanga mwingine. Kwa hiyo sinema inayonakili kitabu picha kwa picha haikukitunza. Imechukua michoro, ikaiacha ile kazi ya msomaji iliyoipa michoro uhai. Basi swali la kuuliza si kama sinema inafanana na kitabu. Tuulize hivi: kazi ile tuliyoifanya sisi katika njia nyeupe, sinema imetupa nini badala yake? Na jambo ambalo hadithi ilitaka kulisema, bado linasemwa?

Tintin na nyumba ya Moulinsart

Tintin alizaliwa tarehe 10 Januari 1929 katika Le Petit Vingtième, gazeti la watoto lililotoka kila Alhamisi ndani ya gazeti la Kikatoliki la Brussels, Le Vingtième Siècle. Mchoraji wake, Georges Remi, aliyejulikana kwa jina la Hergé, alikuwa na miaka 21. Uso wa Tintin ni madoa mawili ya macho, mistari michache, na kishungi cha nywele mbele. Ni uso mtupu karibu, na ndiyo sababu mtoto yeyote aweza kuuvaa.

Mwaka 1961 Tintin alitiwa katika sinema ya watu hai, Tintin et le mystère de la Toison d'or. Alipatikana kijana Mbelgiji, Jean-Pierre Talbot, aliyefanana naye sana, na Georges Wilson akabandikwa ndevu za Kapteni Haddock. Nguo ni zilezile, kishungi ni kilekile, mbwa mweupe yupo. Lakini uso ule sasa ni uso wa kijana fulani, na ndevu zaonekana kuwa ni za kubandika. Kufanana kulikuwa kwingi, uhai ukawa mchache. Hapo twaona kwamba kushona nguo ya mtu si kumfufua.

Miaka 50 baadaye, mwaka 2011, Mmarekani Steven Spielberg alitengeneza ile sinema tuliyoiona ukumbini. Waigizaji walicheza wakiwa wamevaa nguo zenye alama, mashine zikachukua miendo yao, kisha kompyuta ikawavika sura nyingine. Hadithi ilichotwa katika vitabu vitatu vya Hergé: Kaa mwenye makucha ya dhahabu, Siri ya La Licorne, na Hazina ya Rackham Mwekundu.

Nisiwe mchoyo wa sifa. Mwanzoni mchoraji wa sokoni, mwenye sura ya Hergé mwenyewe, anamchora Tintin na kumpa picha yake, na picha hiyo ni Tintin yule wa kitabuni. Ni kama mgeni anayebisha hodi kwa mwenye nyumba kabla ya kuingia. Na kuna jambo kubwa kuliko hilo. Katika kitabu, Haddock anasimulia vita vya babu yake baharini akiwa nyumbani kwake, upanga mkononi. Katika chumba kimoja cha ukurasa twamwona yeye, katika chumba kinachofuata twamwona babu yake amesimama vilevile, na sisi tunaruka njia nyeupe kutoka huyu hadi yule. Spielberg hakunakili. Alimweka Haddock jangwani, mwenye kiu, na vilima vya mchanga vikaanza kuinuka kama mawimbi, vikawa bahari kweli, na merikebu ikatokea juu yake. Jambo hilo kitabu hakiwezi kulifanya. Kitabu kilitufanya turuke, sinema ikatubeba, lakini tulifika mahali pamoja. Hilo ndilo deni lililolipwa vizuri.

Lakini sasa tulisikie swali la mzee. Sakharine ndani ya kitabu ni mtu apendaye merikebu ndogo za mbao, hana hatia. Wabaya ni ndugu wawili, akina Loiseau, wauza vitu vya kale, watu wa tamaa ya kawaida. Sinema imemfanya Sakharine kuwa mjukuu wa mwizi wa bahari Rackham Mwekundu, aliyekuja kulipiza kisasi kwa mjukuu wa adui wa babu yake. Sababu naielewa: sinema ilitaka adui mmoja mkubwa, ili mwishoni wapigane kwa kreni za bandarini. Lakini angalia kilichobadilika. Katika kitabu ubaya ni jambo analolichagua mtu leo, kwa ajili ya fedha. Katika sinema ubaya umo katika damu, na ugomvi wa mababu ni urithi wa wajukuu. Sisi katika nchi hii tumeona jinsi ugomvi wa mababu unavyoweza kula watoto. Hatuwezi kulihesabu jambo hilo kuwa dogo.

Na Tournesol? Wasiosoma na wasikie. Katika kitabu cha Hazina, Profesa Tournesol ni mtu asiyesikia vizuri, msumbufu kidogo, aliyebuni chombo cha kuzamia chenye sura ya papa. Anataka kwenda na Tintin na Haddock kutafuta hazina. Wanamkataa. Anajificha ndani ya meli, anakwenda hivyohivyo, na chombo chake ndicho kinachowafaa baharini. Wanazunguka, wanachimba, wanazamia, hazina hawaioni. Wanarudi mikono mitupu. Ndipo jumba la Moulinsart, lililokuwa la mababu wa Haddock, linapouzwa. Haddock hana fedha. Anayetoa fedha ni Tournesol, aliyekwisha kuuza haki ya chombo chake. Yule aliyekataliwa ndiye aliyewapa nyumba. Na humo ndani, chini, penye sanamu ya Mtakatifu Yohane Mwinjili na tai wake, Tintin anagusa tufe la dunia lililo miguuni pake, tufe linafunguka, hazina imo. Walivuka bahari kutafuta kitu kilichokuwa chini ya sakafu, na wasingeifikia sakafu hiyo bila ukarimu wa mtu waliyemdharau.

Katika sinema tufe lipo, hazina ipo. Lakini Tournesol hayupo, safari ya bure baharini haipo, zawadi haipo. Tena hazina ikishaonekana, inaonekana karatasi nyingine ya kusema kwamba dhahabu iliyo nyingi zaidi ingali chini ya bahari, na kapteni anawaka hamu ya kuondoka. Kitabu kilikwisha kwa watu waliofika nyumbani. Sinema imekwisha kwa watu ambao bado hawajashiba. Labda watengenezaji walimweka Tournesol akiba kwa sinema ya pili. Hiyo ni hesabu ya biashara. Lakini sisi twapima hadithi tuliyopewa, si ile tuliyoahidiwa.

Na hapo ndipo ninaposema: sinema hii ilitunza sura ya kitabu kwa uangalifu mkubwa, ikaitunza hata mikunjo ya koti, ila pumziko lake ikalitupa. Hakuna dakika mtu anapokaa kimya. Gari linapinduka, ndege inaanguka, bwawa linapasuka, na mtazamaji hana njia nyeupe hata moja ya kuwekea mguu.

Persepolis, au nguvu ya weusi

Mfano wa pili watoka mbali na Ubelgiji. Marjane Satrapi ni mwanamke wa Iran. Alikuwa mtoto mjini Teheran wakati wa mapinduzi ya mwaka 1979, kisha vita na Irak vikaanza mwaka 1980. Wazazi wake walimpeleka Vienna alipokuwa na miaka 14, ili wamwokoe. Maisha hayo aliyaandika na kuyachora Ufaransa, katika vitabu vinne vilivyotoka kati ya mwaka 2000 na 2003. Michoro yake haina rangi wala kijivu: ni nyeusi na nyeupe tu, kama kivuli cha mkono ukutani.

Mwaka 2007 yeye mwenyewe pamoja na mchoraji mwenzake Vincent Paronnaud waliigeuza hadithi hiyo kuwa sinema, nayo ikapata tuzo ya majaji huko Cannes mwaka huohuo. Hawakutaka waigizaji wenye nyama na damu. Sababu yake ni ya akili sana: mtazamaji akiona mji fulani wa kweli na nyuso fulani za kweli, atasema, «Hao ni watu wa mbali, mambo yao si yangu.» Lakini mtoto aliyechorwa kwa mistari michache aweza kuwa mtoto wa mtu yeyote. Ni jambo lilelile la uso wa Tintin. Mwaka 1961 walilisahau, Satrapi hakulisahau.

Je, sinema hiyo ilifuata kitabu picha kwa picha? Hapana. Vitabu vinne vimekuwa saa moja na nusu hivi, kwa hiyo mambo mengi yameachwa. Na mengine yameongezwa. Sinema inaanzia katika uwanja wa ndege wa Orly, karibu na Paris, ambako mwanamke mtu mzima ameketi, na hapo pana rangi. Yaliyopita ndiyo yasiyo na rangi. Hivyo tangu mwanzo twajua kwamba tunayoyaona ni kumbukumbu ya mtu asiyeweza kurudi kwao. Tena, pale ambapo baba anamweleza mtoto jinsi wafalme wa nchi walivyotawazwa kwa msaada wa wageni, sinema inageuka kuwa mchezo wa vikaragosi vya karatasi. Kitabu hakikuwa na vikaragosi. Lakini kila mtazamaji anaelewa mara moja: mfalme yule anavutwa kwa nyuzi.

Yule mjomba, Anouche, aliyefungwa miaka mingi, anampa mtoto bata wa maji aliyemchonga kwa mkate wa gerezani. Kisha anauawa. Katika kitabu huzuni ya mtoto ni picha moja kubwa: kitoto kinaelea katika giza lenye nyota, hakina juu wala chini. Watengenezaji wa sinema walijua thamani ya giza. Sehemu kubwa ya sinema yao ni weusi mtupu ambamo mtu mmoja mdogo amesimama. Weusi huo ni njia nyeupe ya kitabu iliyogeuzwa rangi. Ndani yake macho yetu yanapewa nafasi ya kufanya kazi, nasi twaweka humo giza tunalolijua wenyewe. Mtu wa Kivu au wa Ituri akiitazama hahitaji kuambiwa ni giza gani.

Wako watakaosema: ni rahisi, kwa kuwa mwenye kitabu ndiye mwenye sinema. Kama ndivyo, tutazame mfano wa tatu.

Aya, binti wa Abidjan

Marguerite Abouet alizaliwa Abidjan mwaka 1971, akahamia Ufaransa akiwa na miaka 12. Pamoja na mchoraji Clément Oubrerie alitoa mwaka 2005 kitabu cha kwanza cha Aya wa Yopougon, na hadi mwaka 2010 vilikuwa vimetoka sita. Humo hamna vita wala njaa. Mna mtaa wa watu wa kawaida mwishoni mwa miaka ya 1970: Aya atakaye kuwa daktari, baba yake Ignace aliye mtumishi wa kiwanda cha bia, rafiki zake Adjoua na Bintou wapendao dansi, na yule mtoto mchanga ambaye mtaa wote unamtazama usoni ili kujua baba yake hasa ni nani. Mwandishi alitaka dunia iwaone Waafrika wakiishi siku yao, wakichumbiana, wakigombana, wakipika. Mwishoni mwa kitabu kuna hata kurasa zinazofundisha mapishi na namna ya kufunga kitenge.

Mwaka 2013 wawili hao walitengeneza sinema yao wenyewe. Michoro ni ileile, rangi za joto ni zilezile. Tena tumepata kitu ambacho kitabu hakina: sauti. Twasikia vicheko, muziki wa wakati ule, na Kifaransa cha Abidjan kinavyopanda na kushuka. Kwa jambo hilo nawashukuru.

Hata hivyo sinema hiyo ni ndogo kuliko kitabu chake. Kwa nini? Kwa sababu wenyewe walikipenda kitabu mno. Waliyachukua mambo ya vitabu viwili vya kwanza, wakayapanga yakifuatana katika muda usiofika saa moja na nusu. Jambo likianza, jingine limekwisha kubisha hodi. Katika kitabu maneno ya jirani hujibiwa na jicho la mwenzake katika chumba kinachofuata, nasi twacheka katikati, kwa wakati wetu. Mtaa hujulikana polepole, kwa kukaa barazani. Sinema ilikuja nasi hadi Yopougon, ikatupitisha barazani kwa haraka kama watu wanaoogopa kuachwa na basi. Mwenye shamba mwenyewe aweza kuvuna mahindi yakiwa mabichi.

Basi tumejifunza kitu. Kuwapo kwa mwandishi si dawa ya kila ugonjwa. Satrapi alifaulu kwa kuwa alikubali kukikata kitabu chake ili kiishi upya. Abouet na Oubrerie walitaka kutunza kila kitu, na kilichopotea ni ile nafasi ya kupumua.

Je, ni lazima kufuata kitabu daima?

Labda msomaji wa Kongo anajiuliza: mbona hujakitaja Tintin kwetu? Nakitaja sasa, maana hatuna budi.

Tintin huko Kongo kilichapwa katika gazeti lile la Brussels mwaka 1930 na 1931. Mkurugenzi wa gazeti, Abbé Norbert Wallez, alitaka watoto wa Ubelgiji waipende koloni yao. Hergé hakuwa amefika kwetu. Alichora watu wenye midomo minene kama soseji, wasemao Kifaransa cha kitoto, wanaomwinamia hata mbwa. Ni kweli, na ni aibu, kwamba picha hizo zilitoka katika gazeti la Wakatoliki. Yafaa tuseme hivyo sisi wenyewe, kuliko kungoja wengine watusemee.

Mwaka 2007 Mkongomani aliyekaa Ubelgiji, Bwana Bienvenu Mbutu Mondondo, alikwenda mahakamani Brussels ili kitabu hicho kizuiwe. Mwaka 2012 mahakama ilikataa, ikisema kwamba hapakuwa na nia ya kuchochea chuki. Sitarudia kesi hiyo. Nataka kuonyesha jambo moja tu linalohusu habari yetu. Katika picha za kwanza, Tintin anasimama darasani na kuwafundisha watoto weusi kwamba nchi yao ni Ubelgiji. Hergé alipokichora upya kitabu mwaka 1946, somo hilo alilifuta, akaweka hesabu ya kujumlisha. Maana yake mchoraji mwenyewe aliona kwamba kitabu chake hakistahili kufuatwa neno kwa neno. Na mfululizo wa sinema fupi za Tintin za televisheni ulipotengenezwa mwaka 1991 na 1992, kitabu cha Kongo kiliachwa kando.

Kwa hiyo kufuata kitabu si fadhila peke yake. Atengenezaye sinema ni mwamuzi, apende asipende. Akiacha kitu, ametoa hukumu. Akiongeza kitu, ametoa hukumu. Kuacha somo la ukoloni ni hukumu ya haki. Kumwacha yule kiziwi aliyewanunulia wenzake nyumba ni hukumu pia, nami naona si ya haki.

Tufanyeje?

Sisemi tuzifungie sinema hizi mlango. Ile ya Tintin iliwafurahisha watoto wetu, na furaha ya watoto si kitu cha kudharauliwa. Ila nawaomba wazazi, walimu na viongozi wa vijana wasiishie kwenye shuka jeupe. Kama kitabu kinapatikana, kiwekwe mezani siku hiyohiyo. Baada ya kutazama, waulizwe watoto maswali mepesi. Ni nani aliyekuwamo kitabuni na hapa hayumo? Hadithi imeishia wapi, na hapo mwanzo ilikuwa imeishia wapi? Ni wapi sinema imekuachia nafasi ya kuwaza, na ni wapi imekunyang'anya? Mtoto aliyezoea kuuliza hivyo hatatazama tena kama chungu kinachojazwa maji na kila apitaye.

Dominika iliyofuata yule mwalimu mzee alikuja na vitabu vyake viwili, magamba yameshonwa kwa uzi. Watoto wakavizunguka baada ya Misa, wanne wanne, wakisukumana vichwa. Msichana mmoja, aliyekuwa amecheka sana usiku ule wa sinema, alifika kurasa za mwisho akakaa kimya. Kisha akasema: «Kumbe nyumba walinunuliwa na yule waliyemkataa!» Akarudisha kurasa nyuma, akaanza kumtafuta Tournesol tangu picha yake ya kwanza.